Mkate Mtamu wa Krismasi: Faida Iko Wapi?

Somo kwa vikundi vya kujisaidia, Lodwar na Kakuma



Kila mwaka Novemba ikifika, sisi tunaotembelea vikundi huulizwa swali lile lile karibu kila mahali, kuanzia vijiji vya kando ya mto Turkwel mpaka Kakuma: "Tupike nini cha kuuza Krismasi?" Mandazi kila mtu anauza. Chapati hivyo hivyo. Akina mama wanataka kitu cha sikukuu, kitu ambacho mtoto akikiona anajua leo si siku ya kawaida.

Kwa hiyo somo hili ni juu ya mkate mtamu wa iliki, ule wa duara ambao dada zetu kutoka Ethiopia na Eritrea hupika siku za sikukuu. Waethiopia wengi huuita ambasha, na wale wa Kitigrinya husema himbasha. Hauhitaji oveni. Hauhitaji mayai wala maziwa. Unahitaji jiko la makaa, sufuria yenye kifuniko, na mikono inayojua kukanda. Lakini kabla ya kushika unga tuzungumze juu ya pesa, kwa maana hapo ndipo vikundi vingi vimeumia.

IGIZO FUPI

Wawili waigize mbele ya kikundi. Mmoja ni mweka hazina, amekaa na sinia la mkate sokoni, jioni ya tarehe 24 Desemba. Mwingine ni wifi yake, dada ya mume, amekuja na watoto watatu.

Wifi: Wifi, habari za kazi?

Mweka hazina: Nzuri, wifi. Karibu.

Wifi: Hawa watoto wa kaka yako wa ukoo wamesikia harufu tangu kule barabarani. Wakatie kipande kila mmoja. Nitakupa pesa baba yao akiuza mbuzi.

Mweka hazina: Wifi, huu mkate si wangu. Ni wa kikundi.

Wifi: Kwani kikundi si ninyi? Ama siku hizi watoto wa nyumba wanauziwa chakula Krismasi?

(Mweka hazina ananyamaza. Watoto wanatazama mkate.)

Simamisheni igizo hapo hapo. Msimpe mweka hazina jibu. Ulizeni: Hapa kuna nini? Je, haya yametokea kwetu? Mweka hazina akikataa, atarudi nyumbani kwa nani? Akikubali, mwezi wa kwanza atawaambia nini wenzake? Wapeni watu nafasi ya kusema, hasa wale ambao huwa hawasemi. Sisi tumeona vikundi ambavyo vilicheka sana wakati wa igizo, halafu vikanyamaza kabisa. Ukimya huo usiuogope. Mara nyingi kuna deni la kweli limekaa katikati ya watu.

KOSA LETU WENYEWE

Tusijifanye walimu ambao hawajawahi kuanguka. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja karibu na Lodwar (jina tunaliacha) kilikubaliana kutumia pesa ya zamu moja ya meri-go-raundi, shilingi 4,000, kupika mikate ya Krismasi. Sisi ndio tuliowafundisha. Upishi tulikuwa tumeuchukua kwenye kozi moja huko juu, mahali pa baridi, nao ulisema: kanda jioni, funika, acha usiku kucha, choma asubuhi. Tukawasomea karatasi kama ilivyo.

Usiku wa tarehe 24 akina mama wakakanda unga wote, wakaufunika kwa nguo safi, wakaenda Misa ya usiku. Waliporudi, donge lilikuwa limepanda, limemwagika kando ya karai, limeanguka katikati na linanuka. Mama mmoja mzee akachungulia akasema, "Hii ni busaa, si mkate." Wakachoma hivyo hivyo, wangefanya nini? Mikate ikatoka bapa na chachu. Watoto walikula kidogo. Wa kununua hakuonekana.

Sasa, ile zamu ilikuwa ya mama aliyekuwa na mtoto wa kuingia kidato cha kwanza. Walikuwa wamehesabu kwamba pesa itatoka, itazaa, itarudi kabla shule hazijafunguliwa. Haikurudi. Mtoto alichelewa kuripoti, na kikundi kilichukua muda mrefu kukutana tena bila maneno makali. Yule mama hakutulaumu hata siku moja. Hilo ndilo lilituuma zaidi.

Kosa lilikuwa nini? Hamira ni kitu chenye uhai. Ni vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari na unga, na vikila vinatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofanya donge livimbe. Kwenye baridi vinafanya kazi polepole, kwa hiyo mtu wa huko juu anaweza kulala na donge lake likamngoja. Kwenye joto vinafanya haraka. Lodwar mchana joto mara nyingi hupita nyuzi 35, na usiku pia haupoi sana. Donge linalongoja usiku kucha huko, hapa linataka saa moja, pengine hata chini ya hapo. Likiachwa linachacha na kuanguka. Na maji yakiwa ya moto kupita kiasi, kufikia nyuzi 55 au 60, vidudu vinakufa kabisa na mkate unabaki kama jiwe. Karatasi yetu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya mahali pengine.

JINSI YA KUPIKA HAPA KWETU

Chukua unga wa ngano kilo 1, yaani nusu ya pakiti ya kilo 2. Sukari vijiko 12 vya mezani vilivyosawazishwa. Hamira kijiko 1 cha mezani. Chumvi kijiko 1 na nusu cha chai. Mafuta ya kupikia vijiko 4 vya mezani. Iliki 12, uzimenye na kuzitwanga. Maji vikombe 2 na kidogo zaidi. Usiyamwage yote mara moja, kwa sababu unga mwingine unakunywa maji kuliko mwingine.

Kwanza ijaribu hamira. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu wanalia. Weka hamira kwenye kikombe na maji kidogo na kijiko cha sukari katika ile sukari yako. Ngoja dakika 10. Ikitoa povu, iko hai. Ikikaa kimya kama tope, imekufa, na afadhali umepoteza hamira kuliko kupoteza unga. Hamira inaharibika upesi kwenye joto letu, kwa hiyo nunua pakiti ndogo ndogo, tazama tarehe iliyoandikwa, na ukishafungua ifunge vizuri na uiweke mahali penye ubaridi, kwa mfano kwenye mkebe mkavu kando ya mtungi wa udongo. Juu ya maji: vitabu vinasema maji ya vuguvugu. Hapa kwetu maji ya jerikeni lililoshinda juani tayari ni ya moto. Tumia maji ya mtungini. Ukitia kidole usikie ubaridi au vuguvugu kidogo tu, usisikie moto.

Changanya vitu vikavu, tia mafuta, kisha hamira yenye povu, kisha maji kidogo kidogo. Kanda dakika 10 hadi 15, mpaka donge liwe laini na liache kushika mikono. Lifunike kwa nguo yenye unyevu, kwa maana upepo wetu mkavu hulifanya lishike ngozi juu. Anza kutazama baada ya dakika 40. Donge likiwa limefika karibu mara mbili ya lilivyokuwa, bonyeza kwa kidole. Shimo likirudi polepole, liko tayari. Saa ya ukutani isikutawale. Kidole ndicho kitakachokuambia.

Ligawe mara mbili. Tandaza kila donge kwenye sufuria pana iliyopakwa mafuta, unene wa vidole viwili. Sasa inakuja sehemu nzuri. Dada zetu huchora uso wa mkate kama gurudumu la baiskeli, mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni, na wengine huongeza maua na nukta. Chora kwa mgongo wa kisu mistari inayogawa mkate sehemu 8 sawasawa. Usikate mpaka chini. Urembo huu una kazi: ukifika sokoni kila kipande kina ukubwa uleule na hakuna mteja wa kusema wa mwenzake ni mkubwa. Acha donge lipumzike dakika 15 au 20.

Moto uwe mdogo. Hapo ndipo mikate mingi inaungua chini na kubaki mbichi ndani. Makaa yawe yameshika na kuanza kuwa na majivu juu. Funika sufuria. Baada ya dakika 12 hivi geuza mkate kwa kutumia sahani, kama unavyogeuza chapati nene, na upande wa pili upate muda kama huo. Kama sufuria zenu ni nyembamba, tieni mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, kiasi cha vidole viwili, mweke ile ya mkate juu ya mchanga. Itachukua muda zaidi lakini haitaungua. Mkate ulioiva ukiugonga chini kwa vidole unalia kama ngoma ndogo.

Ukitoka, usiufunge kwenye plastiki ukiwa moto, utatoa jasho na kuota ukungu. Ufunge kwa kitambaa safi cha pamba. Siku ya kwanza ni mtamu sana. Siku ya pili unakauka, na hapo unauzwa pamoja na chai ya rangi, bei imepunguzwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kupika wa siku tatu.

Kikundi kikipenda kuweka kitu cha Turkana ndani, jaribuni kunazi kavu, ile ekalale, mkitoa kokwa na kukata nyama yake vipande vidogo mahali pa zabibu. Lakini jaribuni kwa mkate mmoja, mle wenyewe, kabla ya kumuuzia mtu.

Neno juu ya makaa. Msikate ewoi. Maganda yake ndiyo chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi, na ile miti ya kando ya mto ina wenyewe. Wazee wanajua kila ekwar ni ya nani, na ugomvi wa mti mmoja unaweza kuwa mkubwa kuliko faida ya mikate yote ya Desemba. Tumieni etirae, yaani mathenge. Huo hakuna atakayewalilia. Makaa yake ni mazuri, na kila mliokata ni nafasi kidogo ya nyasi kurudi, mradi mng'oe na kisiki, la sivyo unachipuka tena kwa hasira. Pia pangeni mikate ifuatane kwenye jiko moja badala ya kila mama kuwasha lake.

HESABU

Bei hizi ni za mfano. Futeni, mwandike za duka lenu.

Unga kilo 1: shilingi 95
Sukari: 25
Hamira: 20
Mafuta: 20
Iliki: 15
Makaa: 40
Maji: 5
Jumla: shilingi 220

Mikate miwili ina vipande 16. Kila kipande shilingi 20, tunapata 320. Toa 220, faida ni 100. Vikundi vikifika hapa hupiga makofi. Ngojeni kidogo.

Tuseme watoto wa wanakikundi walionja vipande 2 wakati wa kupika. Halafu wifi wa kwenye igizo akachukua 3 kwa mkopo. Vimebaki vipande 11. Mara 20 ni shilingi 220. Faida imekwisha yote! Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefanya ubaya, na mikono iliyokanda tangu alfajiri imefanya kazi bure. Vipande 5 tu. Kipande cha sita kikienda, mnaanza kula mtaji. Andikeni hesabu hii chini kwenye mchanga, kila mtu aione, hata asiyejua kusoma. Tumieni mawe 16. Ondoeni jiwe moja moja huku mkitaja lilikokwenda. Tumeona mawe yanafundisha kuliko ubao.

Sasa, je, tuwe watu wa kukataa kila mtoto siku ya Noeli? Hatusemi hivyo. Mahali petu mtu hali peke yake akitazamwa. Tunachosema ni kwamba huruma nayo iandikwe daftarini. Kikundi kiamue mapema, pamoja, kwamba katika kila vipande 16 kimoja ni cha kutoa: kwa bibi asiye na mtu, kwa mgonjwa, kwa mtoto kama wale watatu. Basi vya kuuza ni 15, mapato ni 300, faida ni 80. Faida imepungua lakini inajulikana. Na mweka hazina anapata jibu la kumpa wifi bila kuvunja nyumba: "Kipande cha kikundi hiki hapa, watoto wagawane. Vingine si mimi ninayeamua." Kikundi kikibeba neno la kukataa, halimwelemei mtu mmoja. Nanyi wanakikundi msimwache peke yake na sinia sokoni. Wakae wawili, na mmoja awe mtu asiye wa ukoo ule.

Hapa wengine hutuuliza kama ni haki kumtoza faida jirani mwenye njaa. Ni swali la kweli na hatutaki kulifunika. Maoni yetu ni kwamba mkate wa sikukuu si posho, na kikundi kilichofilisika hakimsaidii jirani yeyote mwezi wa pili. Lakini bei iwe ya haki, na isipande tarehe 24 jioni kwa sababu tu watu wamebanwa.

KRISMASI MBILI

Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni kilomita kama 120, na wateja wanabadilika. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo watu wa mataifa mengi wameishi bega kwa bega na Waturkana. Wengi wanasherehekea Noeli tarehe 25 Desemba kama sisi: Wasudani Kusini, Warundi, Wakongomani. (Angalieni: baadhi ya Wakongomani wanaozungumza Lingala wakisema "mikate" wanamaanisha vitu vya kukaangwa, kama mandazi ya mviringo. Muulizeni mteja anataka nini.)

Waethiopia na Waeritrea wa Kanisa la Orthodoksi kalenda yao ni nyingine. Noeli yao, Genna kwa Kiamhari, ni tarehe 7 Januari. Kabla yake wana mfungo wa siku 43 ambapo hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Fikirini maana yake kwa kikundi. Mkate wetu hauna maziwa wala mayai, kwa hiyo mwezi wote wa Desemba mtu anayefunga anaweza kuula bila shaka moyoni, mradi mmwambie ukweli juu ya kilichomo. Na tarehe 25 ikipita, wakati wengine wamefunga biashara, bado kuna sikukuu nzima mbele. Soko ni mara mbili kwa ujuzi uleule. Jirani Mwislamu naye hununua mkate wa chai mwaka mzima, mkitumia mafuta ya mimea na kumhakikishia hivyo.

Msidhani lakini kwamba mtamuuzia Mwethiopia ambasha kwa kuwa ni mgeni na atashukuru. Yeye ndiye fundi. Nendeni kwa mama anayeujua, mkae naye, mlipe muda wake, mjifunze. Na ikiwezekana pikeni pamoja. Ugomvi mwingi wa kuni na maji kati ya wenyeji na wakimbizi tumeuona ukipoa kidogo pale ambapo watu wana daftari moja.

Jambo moja la kuangalia: mwaka 2025 mgao wa chakula kwa wakimbizi Kakuma ulipunguzwa sana kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili. Mifuko ya watu ni myepesi, na mwenye duka naye anaisikia. Uzeni kwa kipande, hata nusu kipande, wala msitegemee wa kununua mkate mzima. Pikeni kidogo, kiishe, ndipo mpike tena.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VIDOGO

Kati ya pesa tulizo nazo, ni kiasi gani tunaweza kupoteza bila mtoto yeyote kukosa shule? Hicho ndicho kiwe mtaji, kisizidi.

Nani wanatudai, na sisi tunamdai nani, tangu Krismasi iliyopita?

Ni nani katika kijiji hiki ambaye kipande cha kutoa kitamfikia, na nani atampelekea?

KAZI YA NYUMBANI

Jumapili moja ya Novemba, si Desemba, pikeni kilo 1 tu. Aanze mtu saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua. Andikeni saa donge lilipofunikwa na saa lilipokuwa tayari, kwa kuwa muda huo ndio wa kijiji chenu na hakuna karatasi itakayowapa. Uzeni baada ya ibada. Hesabuni mawe. Tutakapokuja kuwatembelea tuonyesheni daftari, hata kama limeandikwa hasara.